Nilivyoifuta Webuye kwa mstari mmoja

Leo nina kisa cha kujisema mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha baiolojia aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya kuwaonyesha wanafunzi wake data za jeni. Data zenyewe ni za bure, kutoka mradi wa 1000 Genomes uliofanyika kati ya 2008 na 2015 na kusoma DNA ya watu 2,504 wa jamii 26. Kila jamii ina herufi tatu. YRI ni Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. JPT ni Wajapani wa Tokyo. Na LWK je? Ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Naam, Webuye hiyo hiyo tunayopita tukielekea Malaba!

Sasa, jamii 26 zilifanya jedwali langu liwe refu kupita kiasi. Nikatafuta njia ya mkato. Mradi wenyewe huziweka jamii saba katika kundi la AFR, basi nikaandika mstari mmoja wa kuziunganisha na kuiita safu hiyo "Mwafrika". Jedwali likapendeza.

Mwenzangu tunayeketi naye kazini ni Mbukusu. Akachungulia, akaniuliza, "Wewe, watu wa kwetu umewapeleka wapi?"

"Wamo humo ndani."

"Humo ndani wapi?"

Nikacheka, kisha nikahesabu. Kundi la AFR lina watu 661. Wa Webuye ni 99 tu. Wengine 562 ni wa Nigeria, Gambia na Sierra Leone, pamoja na watu weusi wa Barbados na wa kusini-magharibi mwa Marekani, ambao mababu zao wengi walitoka Afrika Magharibi. Hamna Msomali, hamna Mwethiopia, hamna Msan wa Kalahari. Kumbe "Mwafrika" wangu alikuwa mtu wa Afrika Magharibi aliyevalishwa jina la bara zima, bara ambalo lina tofauti nyingi za jeni kuliko mengine yote!

Utasema, jina tu, lina ubaya gani? Chukua selimundu. Jeni yake ilienea palipokuwa na malaria, kwa sababu mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani. Hapa Kenya ugonjwa huu unaonekana sana magharibi na pwani, na ni nadra katika nyanda za juu za kati. Tena uko India, Ugiriki na Arabuni. Jeni hiyo haikufuata rangi ya ngozi, ilifuata mbu. Mwanafunzi akisoma wastani wa "Mwafrika" atadhani mtoto wa Nyeri na mtoto wa Webuye wana hatari sawa. Kesho mwanafunzi huyo ni daktari.

Basi nikataka kuandika "Waluhya", nimalize. Mwenzangu akanizuia tena. Waluhya ni Wabukusu, Wamaragoli, Wawanga na wengine wengi, na jina hilo la pamoja lilishika mizizi katika karne ya 20 tu. Watu 99 wa mji mmoja hawawezi kuwasemea wote hao, sembuse Wakenya wote. Ndiyo maana jina kamili hutaja watu na mahali pia.

Mwaka 2023 jopo la taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani lilitoa ripoti kuhusu jambo hili. Liliwashauri watafiti wasitumie mbari ya mtu kama kipimo cha tofauti za jeni, na waeleze wazi lebo zao wamezichagua vipi na kwa nini. Mimi si mtafiti, lakini lebo ya mwisho, ile msomaji anayoiona kwenye skrini, niliiandika mimi.

Nimeufuta ule mstari. Sasa kila safu ina jina la jamii, mahali sampuli zilipochukuliwa na idadi ya watu. Jedwali ni refu, lazima uliteremshe kwa kipanya. Mwenzangu aliliteremsha mpaka akaiona Webuye, akarudi kwenye kiti chake.

Nawe mwanaprogramu mwenzangu, kabla hujaunganisha safu za watu, uliza kwanza ni nani anapotelea humo ndani. Haya, tuonane wakati mwingine.