Kompyuta iligoma, nikamlaumu mtoto

WIKI mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, nilimliza mwanangu kwa kosa ambalo hakulitenda. Naandika haya kwa sababu najua wazazi wenzangu wengi wamewahi kuteleza hivyo, na pia kwa sababu mwenyewe alinishurutisha: "Andika gazetini, Baba, watu wajue si mimi."

Kisa chenyewe kilianzia kwenye chama cha mama watoto. Zamu yake ya kupokea pesa ilipofika, badala ya kununua kochi alilokuwa akilitamani tangu mwaka jana, alisema tununue kompyuta. Yeye anasoma kozi ya uhasibu jioni, na kijana wetu yuko gredi ya sita. Wote wawili walikuwa wakigombania simu moja.

Nami nikajipiga kifua. Nikamweleza kuwa kununua kompyuta iliyokwisha kuundwa ni kutupa pesa. Tungenunua vipande mjini kimoja kimoja, nami ningeviunganisha kwa mikono yangu. Nilikuwa nimetazama video mbili tatu nikajiona fundi.

Basi mimi na kijana tukazunguka maduka ya Luthuli Avenue hadi miguu ikauma, tukarudi nyumbani na maboksi tele. Saa nane mchana tukaanza kazi juu ya meza ya kulia. Yeye alikuwa msaidizi wangu: alinipa bisibisi, alihesabu skrubu kwenye kisahani na kusoma kijitabu cha maelezo. Mara mbili aliniambia, "Baba, hapa wanasema..." na mara mbili nikamwambia asinichanganye. Nilipofika kwenye vijiti viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, alinikabidhi kimoja kimoja nami nikavipachika.

Saa kumi na mbili jioni nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa zikawaka, tukapiga makofi. Lakini skrini ikabaki nyeusi ti.

Nikazima, nikawasha. Nikazima tena, nikawasha. Jasho likanitoka. Mama watoto hakutamka neno. Alikaa tu kwenye lile kochi kuukuu, akiangalia sakafu. Kimya chake kilinichoma kuliko matusi. Mtu akiaibika hutafuta wa kumtwika aibu yake, na aliyekuwa karibu nami alikuwa kijana.

"Uliziangusha zile ramu?"

"La, Baba."

"Basi ulizishika vipi? Nani mwingine alizigusa?"

Akajaribu kujibu, nikamkatiza. Nikamwambia ameharibu pesa za mamake. Machozi yakamtiririka, akaenda kulala bila kula. Nami nikala peke yangu, na chakula hakikuwa na ladha.

Kesho yake mchana alikuja mdogo wangu, ambaye anasomea ufundi wa umeme chuoni. Nilianza kumsimulia nani alifanya nini, lakini akaniuliza swali tofauti kabisa: "Kaka, mashine yenyewe inafanya nini?"

Nikamweleza. Akasema kompyuta ambayo feni zake zinazunguka haijafa. Umeme unaingia, kazi ni kujua unakwama wapi. Tena tukague kitu kimoja kwa wakati, tusifungue vyote kwa pamoja, la sivyo hata tukipona hatutajua dawa ilikuwa ipi.

Alianza na skrini. Aliiunganisha na king'amuzi cha televisheni kwa waya ule ule, na picha ikaonekana. Basi skrini na waya wake havikuwa na hatia. Akatazama nilikouchomeka waya huo nyuma ya kompyuta. Prosesa yetu inatoa picha yenyewe, kwa hiyo tundu la bodi kuu lilikuwa sahihi. Lakini aliye na kadi ya picha kando, alisema, sharti achomeke skrini kwenye kadi hiyo. Kisha akachomoa waya wa umeme ukutani, akagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usije ukadhuru vipande, akakagua nyaya mbili zinazolisha bodi: ule mpana wa pini 24, na ule mdogo wa pini nane ulio karibu na prosesa, ambao wengi huusahau. Zote zilikuwa imara.

"Na hii taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka pembeni ya bodi?" akauliza, akigusa alama yake.

"Hilo ni pambo," nikajibu.

Akacheka hadi akakaa chini. Kumbe zilikuwa taa nne ndogo, kila moja ina herufi zake: CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kompyuta ikishindwa kuanza, taa ya kipande chenye shida hubaki ikiwaka. Yetu ilikuwa ya DRAM, yaani ramu. Bodi ilikuwa imetuonyesha panapouma tangu jana, nami nilikuwa nikimfokea mtoto.

Mdogo wangu akavitazama vile vijiti kwa tochi ya simu. Kimoja kilikuwa kimezama upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umeinuka kiasi cha punje ya mchele. Akakisukuma kwa kidole gumba. Ta! Kikaingia. Hicho cha pili nilikuwa nimekiweka kwenye mfereji usiofaa. Kijitabu kilionyesha tutumie mfereji wa pili na wa nne kutoka kwa prosesa. Ulikuwa ndio ukurasa ambao kijana alikuwa akijaribu kunisomea.

Nilipokuwa narudisha waya ukutani, mama watoto akasema, "Baba watoto, kabla hujawasha, kuna mtu chumbani."

Nilikwenda. Sikumbuki hata siku moja marehemu baba yangu akiniomba msamaha, na maneno yalinikwama kooni. Hatimaye nikasema, "Mwanangu, kosa lilikuwa langu. Nisamehe." Alinyamaza, kisha akauliza, "Ulisukuma hadi ikalia ta? Kitabu kilisema hivyo."

Yeye ndiye aliyebonyeza kitufe. Skrini ikabaki nyeusi tena, mkono wangu ukaruka kuzima. Mdogo wangu akaushika. "Subiri, kaka. Ramu hizi ni za DDR5. Mara ya kwanza bodi huzipima kwanza, na huenda ikachukua dakika kadhaa. Ukizima, inaanza upya." Kijana akahesabu kwa sauti. Alipokaribia mia mbili, maandishi meupe yakatokea, na nyumba nzima ikapiga kelele.

Msomaji, kifaa chako kipya kikigoma, anza na kile unachoapa kuwa ulikifanya sawasawa, maana hapo ndipo hutazami. Na kabla ya kumnyooshea mtu kidole, hasa asiyeweza kukujibu, hakikisha umekagua kazi ya mikono yako.

Mama watoto sasa anafanya kazi zake za uhasibu bila kugombania simu. Nami nimeambiwa kuwa zamu yangu ya chama ikifika, pesa ni za kochi.