Kutoka Vilima Saba hadi Maili Saba



Mhariri ametupa nafasi katika toleo hili tuwasimulieni safari fupi tuliyoifanya mwezi wa Mei, sisi wawili, mume na mke, kwa gari letu dogo, kutoka hapa Seven Hills hadi pwani ya kusini ya jimbo letu la New South Wales. Kituo chetu cha mwisho hakikufika hata kilomita 150 kutoka mlangoni petu. Kwa barabara kuu ni mwendo wa saa mbili hivi. Sisi tulitumia siku mbili, na hatujutii hata dakika moja.

Wengi wetu tuliohamia nchi hii tumeijua kwa mlio wa saa. Tumeijua kwa treni ya alfajiri, kwa zamu ya usiku, kwa watoto wa kupelekwa shule na kurejeshwa. Mtu huweza kukaa hapa miaka 20 na bahari akaiona mara mbili, tena siku ya Idi pamoja na umati. Kwa hiyo, baada ya kustaafu, tulijiwekea sharti moja la safari: hapana ratiba. Tungesimama pale jicho litakapotaka na kuondoka pale moyo utakaposhiba. Tulichokipanga ni chumba cha kulala usiku mmoja, sambusa za kutosha, na chupa ya chai ya maziwa yenye iliki.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukapita Liverpool, tukashika barabara ya Heathcote, na kuingia katika hifadhi ya Royal National Park kwa upande wa Waterfall. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1879, na ni miongoni mwa hifadhi za taifa kongwe kabisa duniani. Ndani yake ni msitu wa mikalitusi, mabonde yenye kiza, na harufu ya majani iliyomkumbusha mmoja wetu dawa ya kifua ya utotoni. Tulipofika njia panda tukaona kibao cha Wattamolla, na kwa kuwa hatukuwa na ratiba ya kuivunja, tukakata kushoto.

Wattamolla ni ghuba ndogo, maji yake ya kijani, na kijito kinachomwagika kutoka jabalini. Watoto wangeipenda. Lakini kilichotuweka pale ni historia yake. Mwezi wa Februari 1797 merikebu iitwayo Sydney Cove, iliyotoka Calcutta, ilikwama kwenye kisiwa kimoja karibu na Tasmania. Watu 17 walitumwa kwa mashua kutafuta msaada Sydney. Mashua nayo ikavunjika ufukweni, na wao wakashika njia kwa miguu, mamia ya kilomita, katika nchi wasiyoijua. Watano walikuwa Waingereza na Waskoti. Kumi na wawili walikuwa mabaharia wa Kibengali. Wenyeji wa pwani hii, Waaborijini, waliwavusha mito na kuwapa samaki mara nyingi, ijapokuwa si kila mkutano ulikuwa wa amani. Mwezi wa Mei mashua ya wavuvi iliwakuta watatu tu wamebaki hai, mmoja wao Mbengali, katika ghuba ile ile tuliyokuwa tukinywa chai.

Tulikaa kimya kidogo. Sisi tunaotoka Bahari ya Hindi tunadhani tumekuja hapa jana, kumbe mabaharia wa bahari yetu walikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kuitembea pwani hii kwa miguu. Waliobaki njiani hawana kaburi linalojulikana. Fikra hiyo tuliingia nayo garini, na baadaye mtaona ilitupeleka wapi.

Kutoka hapo barabara hupanda na kushuka msituni, ikapita Otford, na ghafla msitu hukoma. Hapo ni Bald Hill, juu ya Stanwell Park. Chini yako ni bahari, na mbele yako pwani yote ya kusini, genge baada ya genge, hadi upeo wa macho. Mahali hapa pana ukumbusho wa Lawrence Hargrave. Bwana huyu alikuwa mtafiti wa mambo ya kuruka kabla ya kuwapo ndege. Tarehe 12 Novemba 1894, kwenye ufukwe wa chini, alijifunga kwenye tiara nne za umbo la sanduku alizoziunda mwenyewe, na upepo ukamwinua futi 16. Naam, tiara, kama zile tulizorusha sisi utotoni kwa vijiti vya makuti na gundi ya mti. La kumheshimia zaidi ni kwamba hakusajili uvumbuzi wake kwa kujitajirisha. Aliuandika na kuutoa bure, ili wenziwe duniani wajenge juu yake. Kwa mtu aliyeshika chaki maisha yake yote, hiyo ni tabia ya mwalimu.

Ukiteremka kilima hicho unafika kwenye daraja la Sea Cliff. Zamani barabara ilipita chini ya genge, ikibana ukutani, na mawe yalikuwa yakiporomoka juu yake. Mwaka 2003 serikali iliifunga kabisa, na watu wa vijiji vya huko wakawa wanazunguka mbali. Mwisho wahandisi waliacha kupigana na jabali. Walijenga daraja la urefu wa mita 665 lililotoka nje, juu ya bahari, likalizunguka genge na kuliacha liporomoke litakavyo. Lilifunguliwa Desemba 2005. Tuliliacha gari upande wa Clifton tukatembea kwa miguu kwenye njia ya waendao kwa miguu, mawimbi yakipiga nguzo chini yetu. Mmoja wetu alisema: “Mlima haukuondolewa; njia ndiyo iliyohama.” Mwenziwe akajibu kwamba hiyo ni hekima inayofaa hata kwa ndoa.

Magenge hayo yamebeba makaa ya mawe, na makaa yamekula watu. Katika mgodi wa Bulli waliangamia 81 mwaka 1887, na Mount Kembla 96 mwaka 1902. Kisha ukaja moshi wa viwanda vya chuma vya Port Kembla, ambako wahamiaji wa kila taifa walivuja jasho. Adhuhuri na Alasiri tuliziswali Wollongong, katika msikiti ulioko mtaa wa Gwynneville, tukizipunguza na kuzikusanya kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

Na sasa tufike Kiama. Wasomaji wetu watatabasamu, na sisi tulitabasamu pia tulipokiona kibao cha kijani kando ya barabara kikituarifu, bila wasiwasi wowote, kwamba Kiama kimebakiza kilomita chache. “Haya,” alisema mmoja wetu, “Kiama hicho kimekaribia, na hesabu zetu hatujaziweka sawa.” Jina hilo ni la lugha ya wenyeji, na mara nyingi hufasiriwa kuwa ni mahali ambapo bahari hupiga kelele. Mwenye kufika ataamini. Pale kwenye rasi, karibu na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1887, pana shimo kubwa katika mwamba mweusi wa volkano. Chini yake ni pango lililo wazi upande wa bahari. Wimbi likiingia hubana hewa iliyomo mwishoni mwa pango, na hewa hiyo, ikikosa pa kwenda, huyarusha maji juu kwa mngurumo unaoitikisa miguu. Bahari ikitoka kusini mashariki kwa nguvu, maji huweza kuruka mita 25. Mwingereza George Bass aliliona shimo hili mwezi wa Desemba 1797, lakini wenyeji walikuwa wakilisikia karne nyingi kabla yake.

Jioni ile tulimpigia simu dada yetu Unguja, huko ikiwa ni asubuhi. Akauliza tuko wapi. Tukamwambia: “Tumefika Kiama, tunatafuta chakula.” Pakawa na kimya, kisha “Astaghfirullah!” kwa sauti ya juu, na ilichukua muda kumweleza.

Asubuhi tuliendelea kusini kupita Gerringong hadi Gerroa, ambako huanza ufukwe uitwao Seven Mile Beach, yaani Ufukwe wa Maili Saba. Ni mchanga mgumu ulionyooka, mrefu hata Charles Kingsford Smith aliutumia kuwa uwanja wa ndege alipoondoka kwenda New Zealand, Januari 1933. Ndipo tulipotambua kwamba tumetoka Vilima Saba tumefika Maili Saba, na tukaona hiyo inatosha kuwa sababu ya kukaa.

Tukatandika msala kuswali Dhuha. Kwetu pwani ya mashariki ya Unguja kibla kiko kaskazini, na bahari unaiweka mkono wa kulia. Hapa kibla kiko magharibi, kikielekea kaskazini kidogo, na bahari unaipa mgongo. Bahari hii, hata ikifanana na yetu kwa rangi na harufu, haiendi kwetu. Kwetu kuko nyuma ya milima ile, upande tunaouelekea tukisujudu.

Tulipokwisha kuswali, mmoja wetu alisema neno ambalo tulikuwa tukilikwepa tangu tustaafu: “Mwenzangu, mimi nataka nizikwe Mwanakwerekwe, karibu na mama.”

“Na nani atakayekuja kukuzuru?” aliuliza wa pili. “Watoto wako Blacktown. Wajukuu hata njia ya Mwanakwerekwe hawaijui.”

“Mama atanijua.”

Hilo halikuwa na jibu la haraka. Tulitembea ufukweni mwendo mrefu. Tulizungumza juu ya michango ambayo jamaa zetu huchangishana ili maiti asafirishwe, wakati mwingine kwa deni; juu ya siku nyingi za kungoja karatasi, ilhali dini yetu inahimiza kumzika maiti mapema; juu ya wale mabaharia wa 1797 waliobaki njiani, na kwamba ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Mwisho tulikubaliana: atakayefia hapa azikwe hapa, Rookwood, Riverstone au popote patakapopatikana nafasi, na asichangishwe mtu hata senti kwa ajili ya kusafirisha mwili. Nyumbani tutakwenda tukiwa hai, kila magoti yatakaporuhusu. Mmoja wetu alikubali hapo hapo kwa ulimi; moyo ulifuata baadaye, tulipokuwa Berry tukinunua mkate. Kisha tukageuza gari. Tuliporudi tuliyaandika hayo kwenye karatasi, tukawasomea watoto.

Kwa watakaopenda kuifuata njia hii, tunatoa nasaha chache. Kuingiza gari katika hifadhi hulipiwa ada. Chukueni chakula chenu, na mkinunua samaki wa kukaanga ulizeni kwanza, maana maduka mengi huuchanganya unga wake na bia. Samaki wa kuchoma ni salama zaidi. Mtoto asiogelee ila baina ya bendera nyekundu na njano, na mtu asikaribie ukingo wa miamba hata bahari ikionekana tulivu, kwani wimbi kubwa halibishi hodi. Asiye na gari asikate tamaa: treni ya pwani ya kusini hutoka Central hadi Kiama, na katika baadhi ya sehemu za njia bahari iko dirishani.

Na mkishafika, msiwe na haraka. Yapo mazungumzo ambayo hayapati nafasi jikoni wala mbele ya televisheni, na barabara ya pwani huyapa nafasi.

Wassalaam alaykum.