Vumbi la barabarani au moshi wa jikoni?

Mwanangu wa miaka sita anakohoa usiku. Daktari alimwandikia dawa ya pumu ya kuvuta, kisha akaniuliza: "Nyumbani anavuta hewa gani?"

Swali hilo lilituletea ubishi. Baba yake alilaumu barabara ya vumbi inayopita mbele ya nyumba yetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, akaanza kuulizia nyumba ya kupanga kwingine. Mama mkwe alisema ni baridi ya alfajiri. Alfajiri hiyo hiyo ndipo anapokaanga maandazi kwa kuni, nyuma ya dirisha la watoto. Maandazi hayo ndiyo yanayonunua sare na madaftari, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulitaja jiko.

Aliyetusaidia ni binti wa kaka yangu, anayesoma kemia chuoni. Alileta pampu mbili ndogo, moja akaiweka uani upande wa barabara, nyingine chumbani kwa watoto. Kila pampu huvuta hewa kupitia kichujio cheupe kwa saa 24, na chembechembe hunasa pale. Anazozitafuta ni zile zisizozidi maikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2021 zisizidi wastani wa maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa siku.

"Shangazi," aliniambia, "uzito unakwambia wamekuja wageni wangapi. Kemia inakwambia wametoka wapi."

Udongo wa barabarani huonekana kwa silikoni, alumini na chuma. Upepo wa bahari huleta sodiamu na klorini. Kuni zikiungua hutoa masizi, yaani kaboni nyeusi, pamoja na aina ya sukari iitwayo levoglukosani, inayotokana na mti wenyewe kuungua. Vumbi la barabarani haliitengenezi sukari hiyo, wala moshi wa magari.

Alirudia vipimo siku kadhaa. Kichujio cha uani kilikuwa na udongo mwingi. Cha chumbani kilikuwa na udongo kidogo, lakini kilijaa masizi na sukari ile ya kuni. Kuhama nyumba na kuhama na jiko lile lile kusingetusaidia kitu.

Kazi ngumu ikawa kumwambia mama mkwe. Mume wangu alimwambia hivi: "Mama, maandazi hayana kosa. Jiko ndilo limekaa vibaya na upepo."

Alinyamaza kidogo, akajibu: "Basi lihamisheni. Ila msinihamishie wateja."

Tulilipeleka mwisho wa uwanja, chini ya paa lisilo na kuta, na kuni sasa tunazikausha kwanza. Watoto wanalala chumba cha mbele. Mwanangu bado anatumia dawa yake, ila usiku tunalala zaidi.

Mzazi mwenzangu, huna haja ya pampu ili uanze. Tazama kinachoungua karibu na anapolala mtoto: kuni, mkaa, koroboi, dawa ya mbu ya kuchoma, hata ubani. WHO ilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kusogeza jiko hakumalizi yote, lakini ni kazi ya asubuhi moja.