Lahajedwali yangu, jina limefutwa

Nimekuwa kimya, kazi zilinibana. Leo nawapa kisa kilichonifunza sheria kwa uchungu.

Mwaka 2011 chama kimoja cha akina mama kilinilipa shilingi 6,000 nikiundie lahajedwali ya mikopo katika Excel: nani kakopa, riba ngapi, salio ngapi. Wiki nzima nililala saa nane usiku. Nikafunga seli zote za fomula kwa nywila, nikaandika jina langu chini, nikajiona mjanja.

Miezi minne baadaye, nikiwa saiba, naiona faili yangu kwenye kompyuta ya jirani. Jina langu halipo! Nilijuaje ni yangu? Nilikuwa nimekosea kuandika "Marejseho", na kosa lilikuwa palepale.

Jamani, nywila ya karatasi ni komeo tu, si kufuli. Faili ya .xlsx, iliyokuja na Excel 2007, ni furushi la zip. Ukilifungua na kufuta kijisehemu kiitwacho sheetProtection, ulinzi umekwisha. Nywila ya kufungulia faili ndiyo yenye nguvu, lakini hiyo lazima umpe mteja.

Nikakimbilia Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mwanzoni nilifurahi: majedwali na programu za kompyuta zinalindwa, na haki huwepo hata usiposajili kwa KECOBO. Usajili ni wa kukusaidia kuthibitisha tu. Kisha nikafika kifungu cha 31. Kazi uliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila mkiwa mmekubaliana vingine. Mimi sikuwa na makubaliano yoyote, hata SMS.

Nilipouliza, kumbe mweka hazina ndiye aliyempa dadake wa chama kingine. Nilikuwa namtafuta mwizi wa mali isiyokuwa yangu! Nilichobaki nacho ni haki ya kutajwa kuwa mtunzi, kifungu cha 32, maana hiyo haihami na malipo. Nilimpigia mama yule, akacheka, akaomba radhi, jina likarudi. Shilingi hazikurudi.

Siku hizi sigusi kibodi kabla ya kutia sahihi ukurasa mmoja: hakimiliki ni yangu, mteja anaruhusiwa kuitumia katika chama chake pekee. Kila nakala ya kazi naihifadhi na tarehe yake. Na fomula ya riba yenyewe? Hiyo ni hesabu, haina mwenyewe.

Wewe uliyemuundia mtu lahajedwali wiki hii, mliandikiana nini? Haya, tukutane tena.