Jina la Kabla ya Jando

Kwetu Chiwata, mvulana akitoka jandoni hurudi nyumbani na jina jipya. La zamani hubaki porini. Ukimwita nalo mbele za watu umemtukana. Babu yangu alizikwa bila mimi kulijua jina lake la utotoni.

Prosesa za kompyuta nazo zina jando lao. Zikiwa bado mikononi mwa wahandisi, kabla hazijauzwa, huitwa kwa jina la ndani. Pentium 4 iliyotoka mwaka 2000 iliitwa Willamette, mto wa Oregon, jimbo la Marekani ambako Intel ina viwanda vyake. Haswell ni jina la kimji cha Colorado. Majina ya mahali yana faida: mto hauna mwenyewe wa kukimbilia mahakamani. Apple walipoipa kompyuta yao moja jina la siri la Carl Sagan, mwanaastronomia huyo alilalamika, na mwishowe akawashtaki. AMD wameazima wachoraji: Picasso, Renoir, Cezanne.

Siku ya kuingia sokoni, prosesa hupewa jina la ukubwani: Core i5, Core i7. Hapo ndipo mila zetu zinapoachana. Jina la jandoni linatangaza kwamba mtu amevuka. Jina la dukani linaficha umri.

Msimu wa korosho uliopita, mjomba alinikabidhi fedha za mnada nimnunulie mdogo wangu kompyuta mpakato ya kwenda nayo chuo. Ni fedha za kupalilia, kupulizia dawa na kuokota kwa mwaka mzima. Masasi mjini, muuzaji wa kompyuta zilizotumika aliweka mbili mezani. Ya bei kubwa ilikuwa na kibandiko cha i7.

"Hii ndiyo baba lao, kaka."

Niliziwasha zote, nikasoma majina yao kamili. Ya kwanza, i7-4600U. Hiyo 4 baada ya kistari ndiyo kizazi chake: Haswell, ya mwaka 2013, viini viwili. Ya pili, i5-8250U: kizazi cha nane, ukoo wa Kaby Lake, ya mwaka 2017, viini vinne. Kwa masharti ya Microsoft, hii ya pili inaruhusiwa kutumia Windows 11. Ile "baba lao" imeachwa na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 2025.

Nilinunua ya pili, chenji nikamrudishia mjomba. Aliigeuzageuza ile kompyuta, akasoma kibandiko.

"Mbona umeacha saba ukachukua tano?"

"Niliuliza majina yao ya zamani, mjomba."

Akanitazama kwa muda. "Jina la zamani haliulizwi."

"La mtu, mjomba. Hii ni mashine."

Akacheka, akaifunga taratibu. "Bahati yako haina wazee."