Pemba Isiyo na Bahari

Stendi ya Tarime, kijana wa bodaboda aliniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Pemba. Akaliangalia begi langu, akapangusa kiti kwa mkono wa shati, akasema, "Pemba si mbali, mura. Panda, bei tutaelewana."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia: Pemba ya Zanzibar, kisiwani. Yeye akaelekeza kidole barabarani. Pemba ni kata ya Wilaya ya Tarime, watu wamo humo, wanalima na kufuga, na hawana haja ya kumweleza mtu yeyote kwamba bahari haipo.

Kesho yake nilikwenda. Migomba, mahindi, udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu, mawe makubwa yaliyokaa mashambani kama ng'ombe waliolala. Nilijikuta nikivuta pumzi kutafuta harufu ya karafuu iliyoanikwa, kwa kuwa sikio likishasikia Pemba, pua nayo hungoja. Ilikuja harufu ya moshi wa kuni na samadi. Watoto wa shule walipita wakanisalimu. Nikawaambia na mimi ni wa Pemba, nao wakaitikia kwa adabu, kama mtu anayeambiwa jambo la kawaida.

Nimekulia mahali ambapo nchi yote iliyo ng'ambo ya maji ina jina moja: bara. Utotoni, siku ambayo mbingu imetakata, baba alikuwa akisimama ufukweni na kuinyooshea kidevu milima ya Usambara, buluu na nyembamba upande wa machweo, akisema, "Bara ile." Mtu akipanda chombo kwenda Tanga tulisema kavuka, yuko bara. Alifika Tanga au alifika Kigoma, kwetu ilikuwa mamoja. Neno lenyewe ni la Kiarabu, barr, nchi kavu, kinyume cha bahari. Mabaharia ndio waliolihitaji. Ndio waliosema pia Bara Hindi na Bara Arabu, kila nchi ikitajwa na mtu aliye juu ya maji na anayeitazama ikikaribia.

Kwa hiyo nilipokuwa nakula kwa mama ntilie mmoja mjini Tarime nilisema bila kufikiri, "Nyinyi watu wa bara mnapenda ugali." Akaacha kufuta meza. "Bara wapi, baba? Hapa Tarime." Bara anayoijua yeye ni ile ya redioni, Ligi Kuu Tanzania Bara, na ile ya serikali. Katiba ya mwaka 1977 inalitumia neno hilo kwa eneo lililokuwa Jamhuri ya Tanganyika kabla ya Muungano wa 1964. Hajaamka hata asubuhi moja akajiona yuko bara. Ningejionaje mimi nami, ningeambiwa kila siku kwamba ninaishi "ng'ambo"?

Ugali alioniletea unaitwa obokima. Ni wa udaga na ulezi, rangi yake kahawia inayokaribia weusi, umesongwa mpaka ukawa tonge moja kubwa linalong'aa juu ya sahani. Ukilimega linavutika kidogo kabla halijakatika. Ulaini wake na uchachu wa mbali ulinishangaza. Kwetu muhogo huchemshwa kwa tui la nazi, ukaliwa na samaki. Hapa muhogo huo huo umevundikwa, ukaanikwa, ukasagwa na kukutana na nafaka ambayo mama yangu angeipa jina la chakula cha ndege.

Mzee mmoja aliyekuwa akila meza ya pili alinisikia, na baada ya kunawa akahamia kwangu. Aliniambia nikitaka kujua nilipo niulize ikiaro. Ikiaro ni watu wa ukoo mkubwa pamoja na ardhi yao, huwezi kukitaja kimoja ukaacha kingine. Akanihesabia kwa vidole: Butimbaru, Bunchari, Bukira, Bwirege. Na zote pamoja, Bukuria. Nikaisikia ile bu- ya mwanzo nikatambua ni ndugu ya u- yetu, ile ya Uzaramo, Usambara, Uhehe na hata Uingereza. Unachukua jina la watu, unalibadilisha kichwa, linakuwa nchi. Kumbe Kiswahili nacho kinajua kutaja ardhi kwa wenyewe. Ni sisi wa visiwani tuliochoka mapema tukasema bara.

Sitaki kuyapamba. Koo hizi zimepigana zaidi ya mara moja kwa ajili ya mashamba na mifugo, na Tarime na Rorya zina Kanda Maalumu ya Kipolisi yao wenyewe. Jina linalobeba watu na ardhi kwa pamoja hubeba na mpaka. Mpaka mwingine ulichorwa na wasiowahi kufika. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana kwa mstari, kutoka mlango wa mto Umba hadi ziwa, wakaupinda kwenye Kilimanjaro tu. Bukira na Bwirege zikabaki huku na huku, Tanzania na Kenya. Ncha ya pili ya mstari huo inaangukia baharini karibu na Vanga, maji ambayo wavuvi wa kwetu wanayajua kama uwanja wa nyumba zao. Niliposimama juu ya mstari huo Sirari, nikitazama malori yakingoja kuvuka kwenda Isebania, nilikuwa karibu na ncha moja ya kamba ambayo ncha yake nyingine ipo kwetu.

Kutoka Tarime nilishuka kupitia Nyamongo, nikavuka Mto Mara, maji yake mazito kama chai ya maziwa, hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Kichwani mwangu Serengeti ilikuwa nyasi na simba. Nikakuta soko, msikiti, mahakama, mafundi cherehani barazani, na jina Serengeti juu ya mlango wa halmashauri. Mtu wa hapa akienda kwa wanyama husema anakwenda mbugani. Neno lenyewe ni la Wamaasai, siringet, uwanda usiokwisha, la mfugaji anayeziangalia nyasi zikikimbia mbele ya ng'ombe wake. Likapewa hifadhi ya taifa mwaka 1951, kisha likawafunika Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, wakulima wenye vilima na mito yao, kila kimoja na jina. Siringet ni neno zuri na la kweli kwa aliyelisema, pale aliposimama. Baba naye alisema kweli, kidevu chake kikielekea Usambara.

Usiku mama alipiga simu. "Uko bara pahala gani?" Nikamtajia njia yote niliyopita, na yale aliyonihesabia mzee. Akaniambia niyaseme polepole, akawa anayarudia moja moja, na Butimbaru akalitamka mara mbili.