Kaa Tu, Bibi

Mama akishapindukia miaka sitini, nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar humvua kazi moja baada ya nyingine. Binti anachukua mbuzi ya kukunia nazi, mkwe anachukua ungo, mjukuu anatumwa Darajani kununua samaki. Kaa tu, bibi, pumzika. Yote ni mapenzi, na mtoto asiyempumzisha mzazi wake atasemwa mtaa mzima. Nimelelewa katika adabu hiyo na naipenda, lakini inanitia hofu: tunawapumzisha wazee wetu mpaka miguu inakosa nguvu.

Nyumba zenyewe zinachangia. Ngazi zetu ni nyembamba na zimesimama wima, na wakaazi wa ghorofa za juu za Michenzani nao wana zao za kupanda. Mzee wa kiume angalau ana la kumshusha: msikiti, kahawa ya Jaws Corner, dhumna, baraza ya jirani. Mama akishaziogopa ngazi, mtaa anauona dirishani tu.

Mwaka 2001, mtafiti Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja alama tano za mzee aliyedhoofu: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu usiokwisha, mkono kulegea unaposhika kitu, mwendo wa kujivuta, na kutojishughulisha. Zikikutana tatu, mtu amedhoofu. Moja au mbili, yuko njiani. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa wanawake huwazidi wanaume kwa kudhoofika huku. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walipopimwa wazee wa miaka 60 na zaidi, karibu mmoja kati ya watano alikutwa amedhoofu. Mimi nawatazama wale wanne waliobaki. Nao ni wazee, na hawakudhoofika. Basi kwa nini bibi akikonda tunasema "uzee huo" tukaridhika?

Aliye njiani anaweza kurudishwa. Hata katika miaka themanini misuli hujengeka ikitumiwa na ikilishwa, na chai kwa mkate asubuhi na usiku si lishe. Anahitaji samaki, mayai, choroko. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi inawalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Natamani fedha hiyo iguse sahani ya mzee mwenyewe kabla ya madaftari ya wajukuu, ingawa najua bibi zetu walivyo wepesi wa kutoa.

Nyumbani kwetu, baada ya alasiri, mjukuu humshika bibi mkono wakashuka hadi barazani. Akichoka anaegemea ukuta, hakuna anayemharakisha. Shangazi analalamika kwamba tunamtesa mzee. Nimemwomba siku moja amshushe yeye mwenyewe, akae naye pale chini, amsikie anavyowauliza wapita njia habari za mama zao.